Kati ya Harufu na Mkono

Kericho, 9 Juni 1933

Kwako shemeji Bosire,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mkeo Nyambeki na watoto wenu, ambao nasikia kwa kukaa Nairobi sasa hata ndoto wanaota kwa Kiswahili. Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu, maana Kijaluo changu hukijui, na Kikisii chenu kimenishinda ingawa nimegombezwa kwacho miaka sita.

Huku mvua ya mawe ilitupiga wiki iliyopita, majani machanga yakabaki matundu. Baada ya siku nne tulikuwa shambani tena, chai haijui kununa. Nyakundi, yule mtu wa kwenu anayetia kuni kwenye tanuri ya kukaushia, anakusalimu na anasema Agosti atakwenda likizo nyumbani Kisii. Mimi bado niko kwenye sakafu ya kuivishia. Majani yakishanyauka darini na kusokotwa na mashine, yanamwagwa hapo kwenye saruji, tunayatandaza na kuyafunika kwa kitambaa chenye maji, kisha nangoja na pua yangu. Ile harufu ya ubichi ikigeuka na kuwa ya matunda mabivu, nasema sasa, nayo yanapelekwa tanurini. Mzungu wa kiwanda ana saa yake mfukoni, lakini hunitazama mimi kwanza.

Shemeji, nimezunguka sana na wewe unajua nakokwenda. Dada yako Mellen aliondoka hapa tarehe ishirini na mbili Aprili na mtoto wetu Ayoo mgongoni, akafuata barabara ya Sotik kwenda kwa mama yenu. Umesikia kwamba nilimsukuma akaangukia meko, mkono wake wa kuume ukaingia kwenye makaa. Sikatai kwamba jambo hilo lilitokea nyumbani kwangu. Ninalojaribu kukataa ni neno "nilimsukuma."

Nikueleze. Tulikuwa tunabishana juu ya chumvi, kwamba imekwisha na mimi nilisema haijaisha. Chumvi tu. Halafu nikasikia harufu ya chai iliyoungua, kali, kama trei nzima imesahauliwa tanurini. Baada ya hapo nakumbuka niko nje, majirani wawili wamenishika mabega, na Ayoo analia. Katikati hapo hakuna kitu. Mkono ulikuwa wangu, hilo nakubali, lakini sikuutuma.

Unakumbuka Februari tawi la mkalitusi liliniangukia kichwani tulipokuwa tunakata kuni. Nililala siku tatu. Nadhani kuna kitu kilihama mle ndani.

Ndiyo sababu nakuandikia wewe. Unafanya kazi na daktari anayefungua vichwa vya watu waliokufa. Muulize yule anayetoa amri anakaa upande gani wa kichwa, na kama tawi linaweza kumwangusha kitini na mwingine akakaa. Akikubali, aniandikie barua kwamba aliyefanya vile hakuwa Joab. Nitaipeleka kwa wazee wa kanisa, na kwa mama yenu, na kwa Mellen mwenyewe. Nataka mke wangu arudi. Mengine yote niliyoandika yanazunguka hapo.

Mpelekee salamu Mellen huko Kisii ukimwandikia mama. Mwambie chumvi ipo.

Ni mimi shemeji yako,
Joab Opiyo


Nairobi, 28 Julai 1933

Shemeji Joab, mwenye pua ya kuaminiwa kuliko saa,

Pokea salamu zetu. Barua yako ilifika Juni ile ile na nimeiweka chini ya godoro mpaka leo, kwa hiyo usimlaumu mtu wa posta. Nyambeki ni mzima, anasema nimekuwa mtu wa kusema peke yangu. Kitinda mimba wetu ameota meno mawili na ananiuma mimi tu.

Hapa tumefiwa. Mpishi wetu wa hospitali, Zacheus Kinyua, mtu wa Nyeri, alianguka jikoni asubuhi akiwa ameshika upawa. Humjui, lakini ungempenda. Huyu mtu alikuwa hawezi kukupa uji bila kukutania. Mimi aliniita mchungaji wa chupa, kwa sababu kazi yangu ni kuosha na kupanga zile chupa kubwa ambamo daktari anahifadhi bongo kwenye dawa.

Ndugu zake walikuwa mbali na sikuona mtu akiwauliza. Siku ya pili daktari alimfungua, na mimi ndiye niliyeshika bakuli. Tulipima. Ratili tatu na kidogo. Shemeji, nilitazama sana. Nilitafuta ule utani. Nilisema moyoni, mtu aliyecheka vile lazima awe na mahali palipotuna, au pana rangi yake. Ubongo wake ulikuwa mwororo na wa kijivujivu kama ule wa jirani yake kwenye rafu, ambaye alikuwa mwizi wa kondoo.

Basi nikaona heri niulize swali lako siku hiyo hiyo, nikiwa bado na uchungu wa kunipa ujasiri. Daktari hakucheka. Alichukua kijiti akanionyesha kwa Kiswahili chake kile: "Hapana bwana mkubwa ndani. Iko waya, mingi sana. Waya moja hapana jua kitu. Yote pamoja, nakuwa mtu." Nikamuuliza nani anaiambia mingine ifanye nini. Akasema zinaambiana. Nikamuuliza ya kwanza inaambiwa na nani. Akaniambia niende nikaoshe bakuli.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nimekuwa nikidhani mwenye nywele anakaa chini yake. Sasa nimeambiwa chini yake kuna nyuzi tu. Jumapili mchungaji alihubiri juu ya hiari, kwamba Mungu ameweka njia mbili mbele yetu, na mimi nikakaa nikijiuliza uzi gani ndio unaochagua njia. Nilitoka kabla ya sadaka.

Barua unayoitaka nadhani inaweza kupatikana. Daktari alisema habari ya tawi na harufu ameisoma kwenye vitabu vyake, ni ugonjwa unaojulikana. Nipe muda.

Mellen yuko salama. Zaidi ya hapo niachie kidogo.

Wako katika ukoo,
Bosire


Kericho, 30 Agosti 1933

Shemeji Bosire,

Salamu nyingi, na pole kwa Kinyua. Nimewasimulia watu wa sakafuni habari zake mpaka nao wanamlilia mpishi wasiyemjua. Huku baridi ya asubuhi imeanza kupungua. Nimepanda wimbi kidogo nyuma ya nyumba kwa sababu Mellen anapofika, yaani atakapofika, atataka kusaga unga wake mwenyewe.

Barua yako niliisoma mara nne, na mara ya nne nilicheka peke yangu njiani mpaka arap Tonui, mlinzi wa mlango wa kiwanda, akaniuliza kama nimelewa. Shemeji, huoni ulichoniletea? Kama mle ndani hakuna bwana, basi hakuna wa kushtakiwa. Umekwenda nyumbani kumkamata mtu ukakuta nyumba haina mtu.

Tena mimi naielewa habari hii kuliko daktari wako. Chukua jani moja la chai, linuse, ni ubichi tu. Chukua la pili, vilevile. Hata ulinuse lini, jani moja halitakupa ile harufu ya matunda. Lakini yaponde, yatandaze pamoja, yafunike, ungoje. Harufu inainuka. Ilikuwa wapi? Hakuna jani lililoileta mfukoni. Na hakuna jani lililosema sasa tunukie. Nimefanya kazi hii miaka minne na sikuwahi kushangaa mpaka uliponiandikia habari za nyuzi. Sasa nasimama pale nashangaa hata nachelewa kusema sasa.

Basi mtu ni harufu. Joab ni harufu inayoinuka juu ya nyuzi. Na tawi likiponda majani vibaya, harufu inaharibika, na harufu haina hatia. Ndivyo nilivyomwambia mzee wa kanisa. Akaniuliza, je, harufu inaweza kubatizwa?

Kwa hiyo leta barua ya daktari. Ikiwezekana Mellen awe hapa kabla ya Krismasi.

Sasa neno la mwisho, na nisamehe kwa kuliuliza, maana wewe ni ndugu wa mke wangu na sina haki ya kukuinulia sauti. Nyakundi amerudi kutoka likizo. Alipita kwa mama yenu na kibuyu cha maziwa. Anasema Mellen hayupo pale, na hajaonekana pale tangu Mei. Mama alimpa kiti, akampa chakula, na hakumpa habari. Wewe uliniandikia yuko salama. Mtu huwa salama mahali fulani. Ni wapi?

Shemeji yako,
Joab


Nairobi, 2 Oktoba 1933

Shemeji Joab,

Salamu zetu zikufikie. Leo sitazunguka, maana mficha uchi hazai.

Mellen yuko hapa. Yuko nyumbani kwangu tangu Mei, na Ayoo naye. Mkono ulikataa kupona kule nyumbani, ukaanza kunuka, mama akawaleta. Alilala wodini wiki saba. Nilipokuwa naandika kwamba nipe muda, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza hii akinisikiliza nikisoma kwa sauti ninachoandika. Barua zako zote amesomewa. Ya chumvi aliisikiliza akiwa amegeukia ukuta.

Sikukuambia kwa sababu mbili. Ya kwanza, yeye alikataa. Ya pili ni yangu na ina aibu. Ng'ombe uliowaleta kwetu kwa ajili ya Mellen hawakukaa zizini hata mwezi, ndio niliowapeleka kwa kina Nyambeki nikaoa. Unajua mila yetu, dada akileta ng'ombe ndugu anaoa. Sasa ndoa yako ikivunjika wale ng'ombe wanadaiwa, na wakidaiwa inabidi nikagonge mlango wa wakwe zangu. Kwa hiyo kila ninapomwambia Mellen rudi kwa mumeo, naisikia sauti yangu na sijui ni ndugu anayesema au ni ng'ombe. Na nikimwambia usirudi, nakuwa kama mtu anayejionyesha kwamba hajali ng'ombe. Nimejaribu kutafuta neno ambalo ni langu tupu na sijalipata. Wewe unauliza juu ya tawi. Mimi sikuangukiwa na chochote na bado sijijui.

Nikueleze mkono, kwa sababu nilikuwa nauficha. Kidonda kimefunga. Vidole viwili na gumba ni vyema. Vile viwili vya mwisho havikunjiki. Daktari anasema nyama iliyovishika imekauka. Kila asubuhi Mellen anakaa kitandani anauambia mkono kunja, na namwona anavyouambia, mpaka jasho linamtoka, nao umelala tu. Kusaga hawezi bado. Nimewaza mara nyingi kwamba mkono wako ulikwenda bila kutumwa, na wake unatumwa hauendi, na nyinyi wawili ni mume na mke.

Barua ya daktari ninayo. Ni ukurasa mmoja, ina muhuri. Inasema mtu aliyeumia kichwa kwa namna ile anaweza kutenda jambo bila kukusudia na bila kulikumbuka, na harufu ile ni dalili. Inasema yote uliyotaka. Nilimsomea Mellen nikidhani itampunguzia uchungu.

Aliendelea kumsuka Ayoo kwa ule mkono mzima na vidole vitatu vya ule mwingine. Halafu akaniuliza: "Kama hakuwa yeye aliyenisukuma, basi ni nani huyu anayeniomba nirudi?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Kama mkono ulikwenda wenyewe, basi utakwenda tena wenyewe, na ahadi yako haina kazi, kwa sababu anayeahidi si yule anayesukuma. Atamrudia mtu asiye na hatia na atakuwa anapika karibu na moto pamoja na mtu huyo. Lakini kama ulikuwa wewe, basi una hatia, na mtu mwenye hatia anaweza kuulizwa, anaweza kutubu, anaweza hata kuaminiwa siku moja. "Mwambie achague," akasema. "Siwezi kumpa vyote viwili."

Nikamwambia ugonjwa hauchaguliwi. Akasema anajua. Akasema hata yeye hajui anachosema ni sawa au si sawa, ila hicho ndicho anachokiona.

Basi barua iko kwenye sanduku langu. Ukiandika kwamba niitume, nitaituma siku hiyo hiyo, na wazee wa kanisa watakusafisha. Ila Mellen akishasikia kwamba umeiomba, nadhani utakuwa umemjibu.

Ayoo anauliza kama baba bado ananuka chai. Nilimwambia ndiyo.

Bosire


Kericho, 17 Desemba 1933

Shemeji Bosire, na wewe Mellen, kwa kuwa unasikia,

Nawasalimu wote, na Nyambeki, na mtoto wa meno mawili, ambaye sasa nadhani ana manne. Ayoo mwambie bado, ila kidogo, maana sifanyi tena kazi ya sakafuni. Nitaeleza. Nimekaa kimya wiki kumi, na si lori la kwenda stesheni Lumbwa lililochelewa. Niliandika barua tatu za kuomba ile karatasi ya daktari itumwe. Zote nilizitia tanurini, Nyakundi akinitazama.

Mwishoni mwa Oktoba nilikuwa sakafuni na majani ya asubuhi yametandazwa, mengi, ya siku nzuri ya kuchuma. Yalikuwa bado mabichi kabisa. Nikasikia kuungua. Ile ile ya chai iliyosahauliwa. Nikapiga kelele kwamba tanuri inaunguza, nikaamuru sakafu yote ikokotwe itolewe nje isishike ule moshi. Watu walinitii, kwa sababu pua yangu ndiyo sheria pale. Majani yote yakamwagwa nyuma ya kiwanda kwenye tope. Nyakundi akatoka tanurini amejaa majivu akasema hakuna kilichoungua. Mzungu akanusa, wengine wakanusa. Hakuna aliyesikia kitu. Ilikuwa harufu yangu peke yangu, na kwa ajili yake nilikuwa nimetupa chai ya siku nzima.

Nyakundi akarudia kwamba hakuna kilichoungua, akacheka kidogo. Hapo, shemeji, nikaona reki ya mbao imeinuka juu ya kichwa chake. Nasema nikaona, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliiona kwanza, ndipo nikajua ni mimi niliyeishika. Ilikaa juu kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Sijui nani aliishusha. Niliiweka chini nikatoka nje, nikakaa juu ya kuni karibu na arap Tonui, na yeye akasogea nipate nafasi. Baadaye nilitetemeka sana, nikalala palepale mpaka jioni.

Nilihamishwa kazi. Sasa nafagia dari la kunyaushia. Pua inayodanganya haitakiwi sakafuni, na ni haki yao.

Tangu siku hiyo harufu imekuja mara tatu. Mara mbili nilitoka nje kabla. Mara ya tatu nilichelewa, nikapiga ndoo teke ikapasuka. Naandika hiyo ya tatu ili msidhani nimepona. Ila nimejua kitu. Harufu inakuja kwanza, mkono baadaye, na kati ya harufu na mkono pana nafasi. Ni nyembamba. Lakini mtu anaweza kupita akatoka mlangoni.

Sasa nifike kwenye neno nililolikimbia tangu Juni.

Niliandika kwamba siku ya chumvi, katikati ya harufu na majirani, hakuna kitu. Nimekaa darini wiki nyingi na ufagio nikiitafuta siku ile. Nafasi ilikuwepo. Nilisikia harufu, nikajua kuna kitu kibaya kinanijia, harufu ile ilishanijia mara mbili kabla ya hapo na sikumwambia mtu. Mlango ulikuwa nyuma yangu. Sikutoka kwa sababu Mellen alikuwa amesema chumvi imekwisha, na mimi nilitaka kwanza akubali kwamba haijaisha. Nilibaki ili nishinde. Kilichofuata sikukiona, lakini kubaki nilibaki mimi.

Sijui kama hili nalikumbuka au nimelitunga. Kichwa changu mnakijua. Huenda hata kusema hivi zinasema nyuzi, zimeambiana usiku kucha mpaka zikafika hapa, na mimi ni harufu tu inayoinuka juu yake ikidhani imeamua. Nimechoka kulifikiri. Ila kuna siku mtu anakutana na swali lisilo na jibu na bado anatakiwa ajibu. Basi najibu. Ni mimi, Mellen. Nilikusukuma mimi. Barua ya daktari siitaki.

Neno la mwisho ni lako, shemeji. Juu ya wale ng'ombe nimekwisha kusema na kaka zangu, wamenitukana wote. Mellen arudi asirudi, ng'ombe wabaki walipo. Nimeandika mbele ya mzee wa kanisa na Nyakundi ni shahidi. Sasa ukimshauri dada yako utajua anayesema ni nani, na yeye akiamua hataamua akikutazama wewe na Nyambeki. Ni kitu hicho tu nilichoona naweza kumpa kutoka huku mbali.

Simwombi arudi. Niliomba mara nyingi mno. Wimbi limekomaa, nimelivuna, limo ghalani.

Joab Opiyo


Nairobi, 21 Januari 1934

Shemeji yangu Joab,

Tumeupokea mwaka salama. Nyambeki anakusalimu kwa namna ya pekee, amepika leo chakula cha sikukuu na hakuniambia ni sikukuu gani. Mtoto ana meno sita.

Ile habari ya ng'ombe niliisoma nimesimama. Nilikaa, nikaisoma tena. Nilingoja nijisikie huru, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na nilijisikia, kwa siku moja. Siku ya pili Mellen aliniuliza basi ndugu, sasa ambapo ng'ombe hawasemi, wewe unasemaje? Miezi minane nilidhani ng'ombe ndio walionizuia kujua nafikiri nini. Walipoondoka, sikufikiri chochote. Nikamwambia sijui. Akasema hilo ndilo neno langu la kwanza aliloliamini tangu aje.

Nilimpelekea daktari habari ya nafasi yako, ile ya pumzi mbili. Aliandika kwenye daftari lake. Nikamuuliza, aliyeshusha reki ni nani, kama mle ndani hakuna bwana? Akasema hajui. Nilipita kwenye rafu kumwaga maji nikasimama kidogo mbele ya chupa ya Kinyua. Sikumuuliza kitu, ila nilijua angepata la kunitania.

Sasa sikiliza, maana haya ni maneno ya Mellen, nami nayaandika kama alivyoyasema, yeye akiwa amekaa pale pale upande wa pili wa meza.

Anakuja. Tarehe kumi Februari gari moshi litafika Lumbwa, na atakuwa na Ayoo. Usije na kundi la watu. Hatalala kwako. Atakaa kwa mke wa Nyakundi mpaka mvua ndefu ianze, atakutazama kutoka huko. Mchana utakuja kusaga lile wimbi mwenyewe, kwa sababu yeye mkono hauwezi, na atakuonyesha, maana kusaga hujui. Harufu ikija, hutatoka kimya kimya. Utasema kwa sauti "inakuja", hata kama ni mbele ya wageni, hata kama ni kanisani, ndipo utoke. Siku utakayoisikia ukanyamaza ili ushinde jambo, ataondoka, na safari hiyo hataandikiwa barua.

Nilimuuliza kwa nini anakuja, na hakuna anayemlazimisha. Alijaribu kufikiri, nilimwona. Akatazama mkono wake. Akasema: "Sijui. Niliamka asubuhi nikakuta naenda."

Kuhusu barua ya daktari, nilitaka kuichoma kama ulivyochoma zako. Alininyang'anya. Ameishonea kwenye pindo la shuka yake kwa mkono wa kushoto, mishono imepinda pinda. Anasema kila neno lililomo ni kweli, na ndiyo sababu anaibeba yeye. Siku utakaposema tena kwamba hukuwa wewe, ataifumua, atakupa uisome, na utakapomaliza kusoma utakuta amekwisha ondoka.

Nenda stesheni mapema. Ayoo amekataa kulala tangu jana kwa sababu ya gari moshi.

Bosire